Nyundo Chini ya Jiwe

Kila siku baada ya masomo Aloo Otuoma alikuwa na kazi tatu: kuteka maji, kuosha vyombo na kuchora. Mbili za kwanza alizifanya mbio mbio ili apate muda wa ile ya tatu. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita katika shule moja ya Mkolani, na karibu kila mtu pale shuleni alikuwa ameshachorwa naye. Alimchora mlinzi na redio yake sikioni. Alimchora mwalimu wa zamu akipiga miayo. Waliouona mchoro huo walicheka sana, isipokuwa mwalimu wa zamu.

Baba yake alikuwa akiendesha mashine ya kutoa nakala katika duka la mzee Suresh, mjini Mwanza. Ilikuwa miaka ile ya tisini, biashara zimefunguliwa, na maduka yamejaa vitu ambavyo zamani watu walivisikia tu kwa waliosafiri. Mzee Suresh naye alileta kompyuta. Aliifunika kwa kitambaa cha maua, na mtu pekee aliyeruhusiwa kukifunua kitambaa hicho ni mwanawe, Jitesh, aliyekuwa amerudi kutoka masomoni Nairobi.

Jumamosi moja Aloo alipompelekea baba yake chakula, Jitesh alimwita.

"Baba yako anasema unachora watu wakafanana na wenyewe."

"Najaribu, kaka."

"Njoo uone." Jitesh alimwonyesha kioo cha kompyuta. Palikuwa na kitu cha rangi ya kahawia, chenye miguu minne.

"Mbuzi?" Aloo aliuliza kwa adabu.

"Huyo ni babu, ameshika fimbo mbili," Jitesh alisema, akahema. "Sasa umeona shida yangu. Natengeneza mchezo wenye hadithi. Msichana anaitwa Milembe, na ngoma ya babu yake imepotea. Anayecheza ndiye anayemwongoza Milembe kwa vitufe hivi: aende wapi, aongee na nani, achukue nini. Hadithi ninayo. Picha sina."

Alimpa madaftari manne ya hesabu, yale yenye miraba midogo, na boksi jipya la penseli za rangi ishirini na nne. Akamweleza kazi. Kila mraba kwenye daftari utakuwa nukta moja kwenye kioo. Kompyuta ile ilijua rangi kumi na sita tu, kwa hiyo asizidishe. Alitaka wahusika: Milembe, babu, mvuvi na mama muuza dagaa. Alitaka pia mandhari ya nyuma yao: vilima vya mawe, njia, na ufuko wa ziwa wenye magugu maji.

"Jumamosi ya mwisho wa mwezi tutawaita wazazi na wanafunzi waje kuuona," alisema. "Na jina la mchoraji litatokea mwanzo kabisa, kabla hata ya Milembe mwenyewe."

Aloo alirudi nyumbani haigusi ardhi.

Wahusika hawakumsumbua. Kwa siku tatu Milembe alikuwa ameshapata nywele, gauni na uso wa mtu asiyependa kuambiwa hapana. Muuza dagaa alifanana na shangazi yake Aloo mpaka shangazi akauliza kwa nini amenenepeshwa. Shida ilikuja kwenye mawe. Mkolani nzima ni mawe, na Aloo alikuwa ameyaona tangu azaliwe, lakini kila alipoyachora yalitoka ya mviringo, laini, yamelala.

"Hivyo ni viazi?" aliuliza Mhoja, aliyekaa naye dawati moja.

"Ni mawe."

"Basi yameshamenywa."

Mhoja alikuwa msichana mpole wa maneno machache. Mama yake alikuwa akigonga kokoto kwenye kilima nyuma ya shule, na Mhoja alimsaidia kila jioni. Alichukua penseli, akapaka upande mmoja wa jiwe kijivu, mwingine zambarau, akaacha ukingo mweupe katikati. Jiwe likasimama.

"Jua likiwa huku, huku kunakuwa hivi," alisema, kana kwamba anaeleza kujumlisha.

Wiki mbili zilizofuata walifanya kazi pamoja kwenye ukumbi wa nyumba ya kina Aloo. Aloo alichora watu, Mhoja alichora mandhari. Waliunganisha kurasa kwa gundi ya uji wa unga wa muhogo, na kuku mmoja akala kipande cha ufuko kabla hawajamwona. Mhoja alichora upya bila kulalamika.

Jumamosi Aloo alipeleka michoro mjini peke yake, kwa sababu Mhoja alikuwa na kazi ya kokoto. Jitesh alitandaza kurasa mezani, akaziinamia moja moja.

"Baba, njoo uone," aliita. Mzee Suresh akaja, akavaa miwani.

"Mimi hili jiwe najua," mzee alisema. "Nimepita hapa na gari. Safi kabisa."

Jitesh alimgeukia Aloo. "Watu ni wazuri. Lakini mandhari! Nayo umechora wewe?"

Aloo alimwona baba yake kwa mbali, amesimamisha mashine, anatabasamu. Aliona mzee Suresh akitikisa kichwa kwa kuridhika. Swali lilihitaji neno moja, na neno lilitoka.

"Ndiyo, kaka."

Jumatatu Mhoja alimsubiri mlangoni pa darasa. "Wamesemaje?"

"Wamependa sana."

"Umewaambia ya mawe nimechora mimi?"

"Nimewaambia," alisema Aloo, akafungua begi kutafuta kitu ambacho hakikuwemo.

Uso wa Mhoja ulichanua. "Nimemwambia mama. Jumamosi ya kuonyesha mchezo haendi kilimani. Ameshafua kitenge chake kile kizuri."

Tangu siku hiyo Aloo hakula vizuri. Alikuwa akimwona mama Mhoja amekaa mbele ya kompyuta na kitenge chake, akisubiri jina la mwanawe, na jina halitokei.

Jumatano baba yake alirudi na ujumbe. Jitesh alitaka mambo mawili kabla ya Ijumaa. La kwanza, mandhari ya mwisho: jiwe kubwa ufukoni lililoziba pango ambamo ngoma imefichwa. La pili lilikuwa swali. Katika kila picha ya mawe, chini pembeni, palikuwa na nyundo ndogo. Nyundo ile ni ya nini? Kwenye mchezo kama ule, mtu akiona kitu atataka kukitumia. Kisipokuwa na kazi, ataona amedanganywa.

Aloo hakuwa hata ameiona nyundo. Alifungua daftari la majaribio, akaikuta: miraba saba ya mpini, minne ya chuma. Alikaa chini akachora jiwe la ufukoni yeye mwenyewe. Alifuta, akachora, akafuta mpaka karatasi ikatoboka. Kilichobaki kilikuwa kiazi kikubwa kuliko vyote.

Angeweza kumwomba Mhoja achore, kisha apeleke kimya kimya kama mara ya kwanza. Aliliwazia hilo njia nzima kuelekea kilimani. Alimkuta Mhoja na mama yake wamekaa kwenye rundo la kokoto, vumbi limewafanya weupe mpaka kwenye kope.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu mawe."

Aloo alikaa karibu na rafiki yake. "Mhoja, ile nyundo unayochora chini ya jiwe ni ya nini?"

Mhoja alicheka. "Hujui? Jioni mama akiondoka anaacha nyundo chini ya jiwe analolifanyia kazi. Wote hapa wanafanya hivyo. Mtu akija asubuhi akaona nyundo, anajua jiwe hilo lina mwenyewe. Haligusi."

"Hata kama mwenyewe hayupo?"

"Hapo ndipo hasa haligusi," alisema mama Mhoja bila kuinua macho. "Akiwepo, nyundo ya nini?"

Aloo alihisi masikio yanamchoma. Nyundo ilikuwa imeachwa pale pale, katika kila picha, na yeye alikuwa ameichukua na jiwe lake.

"Mhoja," alisema, "sikuwaambia. Jitesh aliniuliza nikasema vyote nimechora mimi. Halafu nikakudanganya na wewe."

Nyundo mbili zilisimama. Mhoja aliiangalia kokoto mkononi mwake, akaitupa kwenye rundo.

"Kwa hiyo mama amefua kitenge bure."

"Nitakwenda kusema. Kesho hiyo hiyo."

"Utasema mwenyewe. Mimi sikusemei."

"Nitasema mwenyewe. Ila naomba twende wote."

Mhoja aligonga kokoto tatu, nne. Kisha akasema, "Nitakuja. Nataka kuona uso wako."

Kesho yake jioni Aloo alisimama mbele ya Jitesh, mzee Suresh na baba yake, akasema yote tangu mwanzo, na sauti ilimkatika mara mbili tu. Baba yake aliinamisha kichwa juu ya mashine, na hilo lilimuuma Aloo kuliko fimbo. Jitesh alichukua ule mchoro wa jiwe la ufukoni aliouleta Aloo kama ushahidi.

"Na hili nataka kukuuliza," alisema. "Kiazi hiki kinapikwa na magadi?"

Mhoja alijaribu kujizuia, akashindwa, akacheka, na wote wakacheka naye. Baadaye Jitesh alimkalisha Mhoja kitini na kumuuliza habari ya nyundo. Mhoja alipoeleza, Jitesh alipiga meza kwa kiganja.

"Wiki tatu natafuta hadithi hii iishe vipi," alisema, "na jibu limekuwa chini ya mawe muda wote."

Jiwe la mwisho Mhoja hakwenda kulichora nyumbani. Alilimaliza palepale dukani kabla ya magari ya jioni kuondoka, Aloo akimchongea penseli. Boksi la rangi Aloo alilipeleka kwake siku ya pili. Mhoja alichukua kijivu na zambarau, akamrudishia nyingine. "Wewe una nguo za watu za kupaka," alisema.

Jumamosi duka lilijaa. Umeme ulikatika saa nne, ukarudi saa tano na nusu, na mzee Suresh aliwagawia watu wote kashata wakati wa kusubiri. Kompyuta ilipowaka, maandishi yalitokea: *Wahusika: Aloo Otuoma. Mandhari: Mhoja Luhaga.* Mama Mhoja hakujua kusoma haraka, kwa hiyo aliyasoma mara mbili.

Wanafunzi walicheza kwa zamu. Kila aliyefika kwenye jiwe la ufukoni aliona nyundo, akamfanya Milembe aichukue, na kila aliyeichukua alirudishwa mwanzo wa hadithi. Kelele zilikuwa nyingi. Watano walishindwa, wa sita akasema kompyuta ni mbovu.

"Mama Mhoja ajaribu," alisema mzee Suresh.

Mama Mhoja alifuta mikono kwenye kitenge, akakaa. Mhoja alimwelekeza vitufe. Milembe alifika ufukoni, akasimama mbele ya jiwe.

"Chukua nyundo, mama," wanafunzi walipiga kelele.

Mama Mhoja aliondoa kidole. "Nichukue nyundo ya mtu? Aite kwanza mwenyewe."

Alimrudisha Milembe njiani, wakampata mvuvi, wakamuuliza nyundo ni ya nani, naye akamwita mwenyewe. Akatokea mwanamke wa kilimani, akaokota nyundo yake, Milembe akamshikia mtaimbo, mwanamke akaupiga, jiwe likapasuka. Ngoma ikaonekana, na duka zima likapiga makofi.

Wakati wa kuondoka mama Mhoja alimshika Aloo bega.

"Jiwe kubwa tunapiga wawili, mmoja ashike mtaimbo, mwingine apige," alimwambia. "Kokoto zikipatikana, ni za wote wawili. Ukisema ni zako peke yako, hakuna atakayekupiga. Ila jiwe linalofuata utalikuta peke yako, na mtaimbo wa kushika mwenyewe. Wewe umesema kweli mapema, ndiyo maana mwenzako bado yupo. Usisahau hilo."

"Sitasahau, mama."

"Haya. Sasa unichore na mimi, na hiki kitenge. Ila usininenepeshe kama shangazi yako."