Nyundo za Joho Jekundu

Piano ilianza kunuka udi. Nuhu aliinama, akanusa ubao, akanusa vidole vyake, kisha akacheka peke yake, maana tangu mkewe Zuwena azikwe hakuna aliyechoma udi nyumbani mule. Ilikuwa baada ya sala ya alasiri, mjini Rumonge kando ya ziwa, mwaka wa tisini na saba, na bunduki za vilimani upande wa Kizuka zilikuwa zimetulia kidogo.

Alikuwa karani mstaafu wa kiwanda cha mawese, na hakuwa mpigaji hodari. Piano aliachiwa na Mgiriki mmoja mnunuzi wa samaki, pamoja na karatasi za muziki uliomteka tangu ujana: ragtime, na vile vipande vya mzaha vinavyokimbiza vidole kama kuku waliomwagiwa mtama. Mkono wa kushoto unakwenda sawa, kama mtu anayetwanga; wa kulia unachelewa makusudi, unaruka, unadakia. Jirani yake Hamissi alimtania kwamba muziki huo una mguu mbovu. Nuhu alimjibu kwamba ndiyo maana unachezeka.

Nondo walikuwa wamekula sufu iliyovikwa nyundo za ndani, zile ndogo zinazogonga nyuzi, na kwa vita vile hakukuwa na pa kununua nyingine. Basi asubuhi hiyo alikuwa amefungua sanduku la Zuwena, akatoa joho jekundu zito, akalikata vipande, akazivika nyundo zote. Alijua joho lile ni la nani. Zuwena alikuwa na jini, na siku alipopungwa, jini aliahidiwa joho hilo: likunjwe, lifukizwe udi, lisiguswe na makasi, na mke akifa, lirudishwe kwa mganga. Nuhu hakulirudisha. Alijiambia kwamba jini amekwenda na Zuwena.

Akapiga. Sauti ilitoka laini, tamu kuliko siku za Mgiriki. Akaongeza mwendo. Ndipo binti yake Tahira, aliyekuwa uani akimenya mihogo, akalia kilio kimoja kifupi.

Alimkuta ameshika bega. Chini ya kanga kulikuwa na alama nyekundu, nyembamba, upana wa nyundo ya piano. Nyingine ilikuwa shingoni. Nyingine mgongoni, inavuja damu.

“Baba, nani ananipiga?” Tahira alinong’ona. “Hapa hakuna mutu.”

Nuhu alirudi ndani na kubonyeza kwa kidole kimoja tu, polepole. Uani kikasikika kishindo cha nyama kupigwa.

Alifunga piano kwa kufuli. Haikusaidia. Kesho yake, alipokuwa akimlisha binti uji, nyundo zilianza zenyewe chini ya kifuniko, kwanza zile nzito za kushoto, sawasawa, kama mtu anayepanda ngazi bila haraka, kisha zile nyepesi za kulia, zikichelewa, zikiruka, kipande kilekile alichokipenda kuliko vyote, na kila nyundo ilipoanguka mwili wa Tahira ulishtuka kitandani, ubavu, goti, taya, mpaka jino likatoka pamoja na uji na Nuhu akajikuta amelishika kiganjani, lina joto.

Hamissi alipanda baiskeli hadi Kigwena, akapita bariyeri ya askari, akarudi na mganga Mariyamu, yule yule aliyempunga Zuwena. Mama huyo hakuuliza mengi. Alinusa mlangoni, akamtazama Nuhu.

“Mzee, umepitisha makasi kwenye nguo ya wenyewe?”

Nuhu aliinamisha kichwa. Mariyamu aliamuru nyundo zivuliwe na piano ifungwe tena kwa kufuli, akaketi kuvishona vipande viwe joho tena. Kila kipande kilitoka kimelowa damu mbichi. Alipomaliza kushona aliweka marashi ya waridi, akamfunika Tahira kwa joho, akamwomba jini apokee chake.

Tahira alifumbua macho. Sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanamume, nzito, yenye dharau.

“Fundi wa vidole, mbona umenyamaza? Nilihamia kwa binti, nawe ukanipiga kwa nguo yangu mwenyewe, ukacheka, ukaongeza mwendo. Sasa tumalize wimbo.”

Piano ikapiga, safari hii mbao tupu kwenye nyuzi, na ubavu wa Tahira ukavunjika kwa sauti ambayo wote waliisikia. Mariyamu alitaja mbuzi, akataja ngoma. Jini alicheka. Ubavu wa pili ukafuata.

“Mwache mtoto,” Nuhu akasema. “Nipige mimi.”

Mariyamu alirukia mdomo wake kwa kiganja, akachelewa. “Umeahidi bila kuweka mwisho,” alinong’ona. “Jini humpi ahadi isiyo na mwisho, mzee.”

Alama zilianza kufutika kwenye ngozi ya Tahira, moja moja. Akaketi. Akapumua bila maumivu, akajipangusa midomo, akasimama akiwa mzima kabisa, na Nuhu alilia kwa furaha huku akimshukuru Mungu. Binti akampita. Akavunja kufuli kwa mkono mtupu, akaketi kwenye kigoda cha baba yake, yeye ambaye hakuwahi kugusa kidude kile hata kwa kukipangusa vumbi, akaanza.

Nota ya kwanza ilivunja mtulinga wa mzee. Ya pili ilimwangusha kwenye sakafu ya saruji. Mariyamu alikusanya vyombo vyake, kwa kuwa hapakuwa na kazi yake tena pale. Tahira alipiga vizuri, vizuri kuliko baba yake alivyowahi kuota kupiga, mkono wa kushoto ukitwanga, wa kulia ukichelewa, ukiruka, ukidakia, na damu ikimjaa Nuhu mdomoni. Mganga alipomruka ili atoke, aliangalia chini mara moja tu, akaona mguu wa mzee unagonga sakafu, taratibu, kwa mdundo, bila kukosea.