Kidonge Ndani ya Kombe

Nina umri wa miaka ishirini na ninakaanga viazi karai mbele ya nyumba yetu hapa Ukunda. Wenzangu niliosoma nao wako chuo cha ualimu. Nami ndiko nilikokuwa niende... Ninaandika haya nikiwa na hasira, na wasomaji mnisamehe, sitaki kuificha.

Mwaka 1998 nilikuwa kidato cha nne. Sikuwa mjinga, lakini nilikuwa wa katikati, mtoto wa kuambiwa jitahidi kila muhula. Baba akamwendea Maalim Bakari, aliyenifundisha Kurani nikiwa mdogo, aniandikie kombe. Maalim aliandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akazikosha kwa maji na marashi, akatutilia kwenye chupa. Kila alfajiri nilisema bismillahi nikanywa kikombe kimoja.

Aliyenimiminia ni shangazi yangu Mwanamisi, dada yake baba, ambaye tulikaa naye. Alikuwa yaya wa Wazungu waliopanga nyumba Diani, akimlea mtoto wao wa miaka tisa.

Kombe lile lilifanya kazi! Nilikaa na kitabu tangu adhuhuri mpaka magharibi bila kuinua kichwa. Chakula sikukitamani. Moyo ulinienda mbio, nikasema ndiyo baraka hiyo inaingia. Mtihani wa majaribio nikawa wa tatu shule nzima. Baba akampelekea Maalim kanzu mpya, nami nikalia kwenye mswala kwa shukrani. Nilidhani Mungu ameniona.

Kumbe...

Wiki tatu kabla ya mtihani wenyewe niliingia jikoni, nikamkuta shangazi anasaga kidonge cheupe kwa mgongo wa kijiko. Akakitia kwenye kikombe changu, akakoroga.

Nilipomuuliza ni nini, hata hakushtuka. Akasema ni vya yule mtoto wa Kizungu. Alikuwa hatulii, na kwao walimpa hivyo ili aweze kukaa na vitabu vyake. Shangazi alikuwa akichomoa kimoja kila siku, tangu chupa ya kwanza ya kombe.

"Mwanangu, mtoto mdogo anavimeza kila siku, mbona hafi?" akaniambia. "Nilivitia kwenye kombe ili usivikatae."

Alijua nisingekataa kitu kilichoandikiwa jina la Mungu. Hilo linaniunguza mpaka leo. Na huko Diani mtoto wa watu akigombezwa kwamba anatupa dawa zake!

Sasa sikilizeni aibu yangu mimi. Mnadhani nilikimwaga kikombe kile? Nilimwomba shangazi aniletee viwili viwili.

Kombe nikaliacha, vidonge nikavimeza vikavu. Usingizi ukanihama. Nikakonda, mikono ikatetemeka, nikawa mkali hata kwa mama. Siku ya karatasi ya hesabu nilimeza vitatu. Swali la kwanza lilitaka mchoro. Nikachora, nikafuta, nikachora tena... kila mstari nikiutaka unyooke zaidi. Msimamizi alipokuja kukusanya karatasi, nilikuwa sijafunua ukurasa wa pili! Niliposimama, moyo ukanigonga kifuani, nikaanguka palepale.

Nililazwa siku tano, na karatasi nyingine tatu zikanipita. Ndoto ya ualimu ikaishia hapo. Daktari aliuliza nimekula nini. Shangazi, amesimama kando ya kitanda, akawahi kujibu.

"Amekunywa kombe tu, daktari."

Baba akatoka moja kwa moja mpaka kwa Maalim, akamwita mchawi mbele ya wanafunzi wake. Habari ikaenea, wazazi wakaondoa watoto wao mmoja mmoja. Kabla ya Ramadhani chuo chake cha Kurani kilikuwa kimefungwa, na mzee wa watu amehamia kwa binti yake, kijiji cha Bodo.

Shangazi alinyamaza kwa kuogopa kupoteza kazi yake. Na mimi je? Niliogopa nini? Niliogopa kuitwa mwizi wa alama, baada ya baba kunisifu mtaa mzima! Nikamwacha mwalimu wangu abebe jina lisilo lake kwa miezi minane.

Siku niliposema ukweli, baba hakunipiga. Alivaa, akaenda Bodo kuomba radhi. Akakuta arobaini ya Maalim imeshasomwa.

Wazazi, mkiwa na mtoto wa mtihani, mwacheni ale na alale. Kama kichwa chake ni cha katikati, hicho ndicho alichopewa, kitamfikisha mahali. Nanyi wanafunzi, mkiambiwa kuna kidonge cha akili, kimbieni... Mimi sikukimbia. Na ukishajua ukweli unaomsafisha mwenzio, useme siku hiyohiyo, maana radhi haina wa kuipokea akishazikwa.

Shangazi bado tunakaa naye. Asubuhi ninampa shikamoo yake, maana ni dada ya baba. Lakini chai aliyoimimina yeye siinywi.