Bima ya Wasio na Bosi

Kila alipotoka shule, Veneranda wa darasa la sita alibadili sare, akaenda kando ya barabara kuu pale Ruaha Mbuyuni kuuza vitunguu vilivyofungwa kwenye nyavu. Alikuwa na sauti, mtoto yule! Akiita "Vitunguuu!" madereva wa malori walikanyaga breki kabla hawajamwona, na mbwa wa ng'ambo ya mto waliitikia.

Jumatatu ile sauti haikutoka. Mama yake, Yusta, na jirani yao Sifaeli walikuwa wamekopa pamoja kununua pampu ya kumwagilia. Mafuriko yakaja, yakazoa karibu vitunguu vyote vya msimu wa kwanza. Sasa vya msimu wa pili vilikuwa vinaanza kunenepa ardhini, lakini rejesho la mwisho la mkopo lilikuwa halijapatikana. Ijumaa kampuni iliyowakopesha ingechukua pampu. Bila maji, vitunguu vingekauka vikiwa vidogo kama gololi.

"Lakini mama, si mlikata bima?" Veneranda aliuliza jioni.

"Tulikata. Afisa mikopo alisema bila bima hakuna mkopo. Tulipopeleka habari za mafuriko, tukaambiwa bima yetu si ya mafuriko."

"Ni ya nini basi?"

Mama akamtazama Sifaeli. Sifaeli akatazama juu ya kabati. Huko ndiko mkataba wa mkopo na bima ulikokaa mwaka mzima, umefungwa kwenye kanga mpya kama gauni la kipaimara. Ulishushwa wakija wageni, ukaonyeshwa, ukarudishwa. Kuusoma? Nani auchafue kwa mikono ya shamba!

Veneranda akanawa mikono, akasoma polepole. Ukurasa wa nne akasita.

"Mama, hii inamlipa mtu aliyepoteza ajira. Bosi wenu nani?"

Sifaeli alicheka hadi machozi, kisha akainua kidole. "Ngojeni! Tuandike tumefukuzwa kazi, watulipe!"

"Umefukuzwa na nani, kaka? Na vitunguu?"

"Sasa nani atajua, Yusta?"

"Mimi nitajua, na huyu mtoto atajua. Walituuzia bima isiyoweza kutusaidia hata siku moja. Tudai fedha yetu, basi. Veneranda, shika kalamu."

Veneranda aliandika: "Sisi ni wakulima, hatujawahi kuajiriwa. Afisa wenu alilijua hilo, maana ukurasa wa kwanza aliandika kwa mkono wake: Kazi, mkulima."

Jumatano aliomba ruhusa kwa mwalimu, wakaenda wote watatu Iringa mjini. Karani wa kampuni hakuinua hata uso.

"Acheni barua. Njooni mwezi ujao."

"Pampu inachukuliwa Ijumaa, mwanangu," mama alisema. "Mwezi ujao tuje kufanya nini? Tutamsubiri meneja hapa hapa."

Wakakaa. Saa nane meneja, Mama Violet, akatoka.

"Kamwene," akawasalimu kwa Kihehe.

"Kamwene," wakaitikia.

Alisoma barua, akafungua mkataba ukurasa wa kwanza, akarukia wa nne, akarudi wa kwanza. Akamwita afisa mikopo.

"Mtu umemwandika mkulima, halafu unamuuzia bima ya ajira?"

Afisa akakuna kisogo.

Siku ile ile bima ilifutwa. Fedha waliyolipia bima hiyo ilifunika rejesho la mwisho, iliyobaki wakapewa mkononi, pamoja na barua ya kuwa deni limekwisha. Sifaeli aliisoma barua hiyo mara tatu kabla ya kukubali kuondoka.

Ijumaa pampu ilinguruma shambani, maji yakaingia kwenye matuta.

"Mwenzenu nilitaka kutuponza," Sifaeli alisema.

"Afisa alikosea, na sisi tulikosea," mama alijibu. "Tuliutunza mkataba badala ya kuusoma. Veneranda, ukipewa karatasi utie sahihi, isome. Usipoelewa, uliza mpaka uelewe, hata wakikuona msumbufu. Na ukidai haki yako, dai kwa ukweli. Tungepeleka uongo, leo wangekuwa wanajadili uongo wetu, na wa kwao ungesahaulika."