Kijiko na Mwenzake

Bi Opal alisimamisha pikapu yake pale barabara inapokata njia ya mlimani, akawasaidia Rhoda na mumewe kushusha mizigo, kisha akasema jambo dogo tu.

"Mwenzako bado yupo, Rhoda. Jana nilimwona hapa hapa. Nikamwambia panda twende mjini ukaoge, akakataa. Anasema anakungoja wewe."

"Mwenzake gani?" akauliza Wendell, yule mume.

Bi Opal amelaza na kulisha watembea milima wa Virginia kwa miaka ishirini, na ugomvi wa mke na mume anaunusa ungali jikoni. Aliwasha gari akaenda zake.

Rhoda alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Tangu Georgia, njia hiyo ndefu inakoanzia, alitembea peke yake, wiki saba, na mwanamke aliye peke yake msituni hujifunza ujanja. Kila kibanda cha kulala kina daftari, na kila msafiri huandika jina lake la njiani na aendako. Wanaume wenye nia mbaya nao wanajua kusoma. Kwa hiyo Rhoda, ambaye wenzake wa njiani walimbatiza Kijiko, aliandika kila jioni: Kijiko na mwenzake. Siku nyingine alitia chumvi: mwenzangu anawasalimu. Wanawake wengi hufanya hivyo na hawadhuriki. Ila mzaha mzaha hutumbuka usaha, na msitu ule una wenyewe. Ukiwaita kila jioni kwa wiki saba, mmoja ataitika.

"Kwa hiyo huyo mwenzako ni wino tu," Wendell alisema walipoanza kupanda.

"Wino tu."

"Na wino huo ndio Bi Opal alitaka kuupa lifti?"

"Wendell, usinianze. Kafananisha watu."

"Nimeendesha gari masaa tisa kuja kukuona, mke wangu. Naomba ukweli, basi."

Wivu ulikuwa umemkaba, na mimi namhurumia. Siku tatu mjini walikaa kama maharusi. Wendell alimkanda mkewe miguu, akamtumbua malengelenge kwa sindano, akalala amemshika mkono.

Ukungu ulishuka ingawa ilikuwa mchana. Rhoda akaanza kusikia fimbo za kutembelea, zake mbili na za Wendell mbili, tak, tak juu ya mawe, na nyingine nyuma yao, ambazo wao wakisimama zililia mara moja zaidi ndipo zikanyamaza. Kisha ikaja harufu, jasho la wiki nyingi na moshi na soksi mbichi, na Rhoda mwenye kunukia sabuni ya Bi Opal aliitambua, kwa sababu ilikuwa harufu yake mwenyewe, ile aliyoiosha mjini, sasa imevaliwa na kitu kingine kilichomfuata karibu kiasi cha kumgusa.

Walipofika kibandani Wendell alilikimbilia daftari. Mwandiko ulikuwa umelala kushoto, haukuwa wa Rhoda.

"Jumatatu. Kijiko yuko mjini. Namngoja."

"Jumanne. Amelala kitandani na mtu."

"Leo. Wanapanda. Sisi tulikuwa wawili."

"Siku hizi wino unajiandika wenyewe?" Wendell aliuliza taratibu.

"Naapa simjui. Tushuke, Wendell. Tushuke sasa hivi."

"Ngoja ninawe uso kwanza, nisije nikasema neno la kujutia."

Alikwenda penye chemchemi nyuma ya kibanda, maji yasiyozidi kina cha kiganja. Hakurudi. Rhoda alipomfuata alimkuta amepiga magoti, uso umo ndani ya maji, mikono inachimba tope, na nywele za kisogoni zimelala chini kwa umbo la vidole ambavyo havikuonekana, naye alimvuta mabega, akavuta mkanda, akaomba zaburi zote alizofundishwa na mama yake, na mume hakuinuka hata inchi, mpaka alipokumbuka maneno ya daftarini akajua kinachotakiwa.

"Mwache," alinong'ona. "Simtaki huyu. Nakutaka wewe. Twende wawili, kama zamani."

Kichwa kikaachiwa. Wendell alikohoa maji, akageuka, macho mekundu.

"Unasema na nani?"

Rhoda alitamani kumwangukia kifuani. Shingoni mwake kitu kilikuwa kinahema, kinangoja jibu.

"Na mwenzangu," akasema. "Nenda nyumbani. Usinifuate, usinitafute. Sikupendi tena."

Wendell alimtazama usoni akitafuta uongo. Rhoda akainamia mawe ili asiuone. Mume akachukua begi lake, akashuka.

Penye kona moyo ulimshinda akageuka, akitumaini walau anamlilia. Ukungu ulikuwa umepasuka. Aliona migongo miwili ikipanda sambamba, na aliyekuwa amebeba mzigo wa Rhoda hakuwa Rhoda.

"Nilijua tu," akasema, akashuka zake mzima, akimlaani mkewe hadi barabarani.