Alinitoa Damu Niliyokuwa Sina

Wasomaji wenzangu, nina miaka ishirini na sita, na mtu akinitajia wifi yangu Roda, natema mate chini. Mtasema nina roho mbaya. Semeni! Mkimaliza kusoma ndipo mnihukumu.

Mimi ni mtu wa Maragoli. Niliolewa na Yohana, Mjaluo tuliyejuana kanisani, akanileta Kericho kwenye kambi ya shamba la chai. Yeye alifanya kazi kiwandani, mimi nikachuma majani. Misheni walikuwa wamenifundisha kusoma na kuandika, na nilijivunia sana jambo hilo... kumbe kujivunia kwa bure!

Nilipopata mimba ya kwanza, Yohana alimwita dada yake Roda atoke kwao ziwani aje kunisaidia. Tangu siku ya kwanza hakunipenda. Nilikuwa mwanamke wa kabila lingine, na hata samaki nikimpika alisema nimemharibu. Lakini kambi nzima ilimheshimu, maana alijua kuumika. Alichanja ngozi kwa wembe, akafunika kwa pembe ya ng'ombe, akanyonya hewa, akaziba kwa nta. Pembe ikitoka, imejaa damu nyeusi, na watu wanashangilia!

Mimba ilipofika mwezi wa sita, moyo wangu ulianza kwenda mbio. Nimekaa tu, sijabeba kitu, na kifua kinadunda kama nimefukuzwa na nyati! Mgongo uliniuma kutoka kiunoni mpaka mabegani. Nikipanda mlima na kikapu, macho yanaingia giza. Tena nilikuwa na hamu ya udongo, nikawa naumega kwenye kichuguu na kuula kwa kujificha.

Kila mtu alikuwa na sababu yake. Nyapara alisema ni uvivu. Jirani alisema ni homa. Mzee wa kanisa, bila haya, alisema ni dhambi niliyoificha. Na Roda? Alisema damu imenizidi, ndiyo inayosukuma moyo, ndiyo iliyojaa mgongoni, lazima ipunguzwe.

Akaniumika. Nikapata nafuu ya siku mbili, au nilijidanganya tu... sijui.

Kisha nikazimia shambani. Wenzangu walinibeba mpaka kwa dresa, mhudumu wa zahanati ya kambi. Alinifunua kope akatazama ndani, akatazama ulimi na kucha. Nilikuwa sijitambui vizuri. Aliyesimama kusikiliza maneno yake ni Roda, na aliyepewa barua aliyoiandika ni Roda. Tulipofika nyumbani nikamwuliza dresa amesema nini.

"Amesema vile mimi nilisema," akanijibu. "Damu ni mingi. Tutoe ingine."

Barua ilikuwa kwenye kitambaa alichojifunga kiunoni. Niliona ncha yake! Mimi, niliyejua kusoma, kwa nini sikunyoosha mkono? Niliogopa, jamani. Roda hakujua kusoma, na niliogopa Yohana aseme ninamdharau dada yake, nyumba nzima inune. Basi nikalala kifudifudi nikampa mgongo wangu, mara ya pili, na mara ya tatu. Mara hiyo ya tatu aliniuliza kama aongeze pembe moja. Nilimwambia aongeze!

Wiki hiyohiyo uchungu ulikuja kabla ya wakati wake. Alikuwa mtoto wa kiume, midomo yake myeupe. Nilingoja alie... Nilingoja... Hakulia.

Siku ya tatu dresa alipita kambini kuangalia wagonjwa. Alipoona chale mgongoni mwangu alifoka mpaka majirani wakatoka nje.

"Nani alitoa huyu mama damu? Mimi niliandika aende hospitali mbio! Damu yake karibu kwisha! Iko na safura!"

Akatueleza kwamba safura ni minyoo. Hupenya kwenye nyayo za mtu anayekanyaga matope machafu miguu mitupu, kama sisi sote, kisha hukaa tumboni ikinyonya damu. Moyo wangu ulikimbia kwa sababu ulikuwa unahangaika na damu kidogo iliyobaki. Na dawa ilikuwepo. Dawa ilikuwepo!

Unafikiri Roda alilia? Alinitazama machoni akasema, "Sasa mimi nikubali dresa aambie watu sijui kazi yangu?"

Kumbe alinificha barua kwa heshima ya pembe yake! Nilimgeukia mume wangu. Yohana, baba wa yule mtoto, akaniambia nisimwaibishe dada yake mbele ya watu, kwamba Mungu ndiye aliyetoa na ndiye aliyetwaa. Nilipopata nguvu za kusimama nilikwenda hospitali nikatibiwa minyoo, na moyo ukatulia. Kwa Yohana sikurudi. Ametuma wazee mara mbili, nao wamerudi kama walivyokuja.

Nawasihi, hasa ninyi wenye mimba, moyo ukienda mbio hali umekaa, na mgongo ukauma, usikubali kutajiwa sababu jikoni. Huenda ni safura, huenda ni homa, huenda ni figo, huenda ni moyo wenyewe. Wewe hujui, wala wifi yako hajui. Nenda ukapimwe. Na ukiandikiwa barua, idai mkononi mwako uisome, hata kama nyumba nzima itanuna. Mimi niliogopa watanuna. Wamenuna hata hivyo, na mwanangu nimemzika.