Kavuo Azuia Mlango

Kila asubuhi kabla ya shule, Kavuo alifagia ua, kisha akanawa mikono kwa sabuni ndipo amguse mdogo wake, Éphraïm. Mtoto huyo wa miezi mitano alikuwa akitoka homa hii na kuingia ile, na majirani zao wa Butembo hawakukosa la kusema.

Daktari Syauswa ndiye aliyeifumbua macho familia, baada ya damu ya mtoto kupimwa ng'ambo. Aliwaeleza kwamba mwili hufuata maelekezo yaitwayo jeni. Zamani mno, kabla binadamu hajakuwapo, kipande kimoja cha maelekezo, chenye tabia ya kurukaruka toka mahali hadi mahali, kiliingia katika jeni za viumbe waliotutangulia. Kilipotulia kikawa fundi: hukata na kuunga maelekezo mengine, ili mwili upate askari wa kila aina wa kupigana na magonjwa. Ni ajabu kweli, mrukaji kugeuka mlinzi! Kwa Éphraïm jeni ya fundi huyo ilikuwa na kasoro, hivyo askari hao hawakutengenezwa. Mpaka atibiwe, hata kikohozi cha mtu kingeweza kumuua.

Dominika moja shangazi Anne-Marie alifika kutoka Beni na mkungu wa makemba, ndizi za kupika, aje kumpakata mtoto. Kwetu kumnyima mgeni mtoto ni kumtukana. Lakini shangazi alikuwa akikohoa. Kavuo alisimama mlangoni akamzuia.

"Shangazi, pole, hapana kuingia. Unakohoa, na mutoto hana askari mu mwili."

"Mimi natoka Beni na huu muzigo, na weye unanifungia mulango?"

"Nakupenda, shangazi. Lakini nitakudanganya namna gani? Utamuua."

Shangazi aliutua mkungu, akaenda zake amenuna. Hata hivyo maneno yale yalimkaa moyoni, akaenda kupimwa. Alikutwa na kifua kikuu, akaanza dawa.

Baadaye, kwa msaada wa kanisa na shirika moja, Éphraïm alipelekwa ng'ambo pamoja na Kavuo. Uboho wa Kavuo, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, ulilingana na wake; akatolewa kidogo, mdogo wake akapewa, na askari wakaanza kuzaliwa mwilini mwake.

Waliporudi, shangazi alikuwa amepona. Alimshika Kavuo mabega mbele ya ukoo wote.

"Kama ungeogopa kasirani yangu, mutoto angekufa, na mimi pia," alisema. "Batoto, musikilize: kumwambia mukubwa ukweli na heshima, ile ndiyo kumupenda."

Kavuo akampa shangazi Éphraïm ampakate.