Ng'ombe Waliogeuka Karatasi

Asubuhi moja ya mwaka wa sitini na sita, Bhoke alikuwa ameketi bomani kwake karibu na Kehancha, akitikisa kibuyu cha maziwa na kuwaza harusi ya mwanawe Werema. Mahari ya mchumba wake, Rael, ilikuwepo, ingawa haikuwa zizini. Marehemu baba mkwe wa Bhoke aliwawekesha ng'ombe wake kwa marafiki, wengine jirani, wengine kule Muhuru Bay. Rafiki hunywa maziwa na hupewa ndama mara mojamoja. Sotoka, ugonjwa unaoua mifugo, ikiingia boma moja, ng'ombe wa kwingine husalimika.

Mumewe Wangwe akarudi kutoka Migori amevaa tai. Akatangaza kwamba atawakusanya ng'ombe wote, awauze, anunue hisa za kampuni ya mgodi wa dhahabu, kwa kuwa bei ya hisa hizo ilikuwa ikipanda. Ng'ombe, alisema, ni utajiri wa washamba.

Bhoke akamkumbusha mwaka lilipoanguka soko la hisa la Amerika. Baba yake Wangwe hakujua Amerika iko wapi, lakini bei ya ngozi ilianguka mpaka Homa Bay, na ngozi alizoweka ghalani kuuza zikaliwa na wadudu. Nyumba iliponea kwa ng'ombe waliotawanywa.

"Wale wa Amerika nao walisema bei inapanda," akasema. "Baba Werema, umeona nini ambacho wao hawakukiona?"

"Wakati ule tulitawaliwa. Leo tuna serikali yetu na benki. Mambo ya hisa yana wenyewe, Mama Werema. Wewe tikisa kibuyu."

Ndilo jibu la mwenye tai, msomaji. Kana kwamba bei huitazama bendera kabla ya kuanguka.

Wangwe akawaswaga ng'ombe wote kwenda kuwauza, asimwachie mtu hata ndama. Mzee Kerosi, mmoja wa marafiki waliowatunza tangu zamani, aliambiwa kwamba maziwa ya watu ameyanywa ya kutosha. Bei ya hisa alizonunua ikapanda tena, na Wangwe akawa mhadhiri wa kila kilabu cha pombe. Kisha dhahabu ikapungua mgodini. Wote wakataka kuuza, mnunuzi hakuna, kampuni ikafungwa.

Wazazi wa Rael wakangoja, wakachoka, wakamwoza kwingine. Ndipo Wangwe akaenda kwa Kerosi kuomba ng'ombe mmoja tu wa kukamua.

Kerosi alimpa kiti na uji, akamngoja amalize.

"Baba yako ningemfungulia zizi," akasema. "Wewe karatasi zako zikizaa, niite nije niombe ndama."

Werema alikwenda mwenyewe siku iliyofuata, akaomba kuchunga ili alipwe mtamba. Kerosi akamkubali. Bhoke alimkunjia mwanawe blanketi, na mumewe alipomuuliza chakula kiko wapi, akamsogezea karatasi zake za hisa.

FUNZO

Kununua hisa si kosa. Kosa ni kuweka riziki ya nyumba nzima mahali pamoja, ukijidai kwamba yaliyowaangusha wa jana hayakujui wewe. Anayewadharau wanaomshikia mali yake ataanguka bila wa kumwinua, na aibu zaidi, ataanguka na watoto wake.